Kitabu cha Makauboi Namba Saba

Don Mills, Toronto
Aprili 19

Dada yangu mpenzi Amreen,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Zeena na wajukuu, na kwamba lile goti la kushoto limeanza kukuachia upande ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku miili haijambo. Theluji imeyeyuka yote, isipokuwa ile chafu iliyolundikwa nyuma ya maegesho ya magari, na leo nimefungua dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Salman na mkewe wako Malvern, hawajambo. Tazmin bado yuko Vancouver. Hunipigia kila Jumapili, mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tunaelewana hivyo hivyo.

Utashangaa kupata barua badala ya sauti yangu kwenye simu. Dada, jambo hili nikilisema kwa simu utanikatiza kwa huruma, nami nitaichukua huruma yako kama ruhusa ya kunyamaza. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea tangu shuleni, maana Kikachi chetu ni cha kusema tu, na Kiingereza changu ni cha kupokea wagonjwa pale kliniki ya meno. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Unavijua vitabu vya Sadru. Ni zile katuni za makauboi, zilizochapwa kabla sisi hatujazaliwa, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, majalada yamejaa farasi na vumbi. Tangu mume wangu alipofunga duka la miwani na kustaafu, chumba alichokuwa akilala Tazmin kimekuwa chao. Vimo mia saba na ushei, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kwenye maonyesho ya katuni hapa mjini watu hupanga foleni kwa ajili ya mashujaa wanaoruka angani. Makauboi huwekwa kwenye maboksi chini ya meza, na Sadru hupiga magoti kuyapekua, mzee wa miaka sabini, hata wauzaji humwonea haya na kumletea kigoda.

Yeye husema watu hawajui wanachokiacha. Husema anayechora mtu wa kuruka ana kazi rahisi, kwa kuwa hewani hakuna pa kukanyaga. Lakini farasi ana miguu minne, na kila mguu lazima ukanyage mahali, penye mawe, penye tope, ndani ya maji, na mchoraji mvivu utamkamata hapo. Wachoraji wenyewe wengi hawakuweka saini, kwa hiyo amewabatiza kwa kazi zao. Yupo Bwana Magoti. Yupo Mama Mawingu, ingawa hajui kama kweli alikuwa mwanamke. Mimi haya yote nilikuwa nikiyasikia kwa sikio moja huku nikikuna nazi. Kwa nini sikutaka kuyasikia kwa masikio mawili, nitakuja kukwambia.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, Sadru alirudi kutoka kwenye maonyesho akiwa na uso nisioujua. Akaniambia kwamba chini ya meza moja mkono wake uligongana na mkono wa mtu mwingine, wote wawili wameshika kitabu kile kile. Mtu huyo alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Jamaika, anaitwa Phyllis, mjane wa miaka sabini na minane, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alikuwa amekiinamia kitabu akikisogeza huku na huku karibu na shavu, akitafuta upande wa jicho unaoona. Sadru akajua mara moja, maana ndiyo ilikuwa kazi yake: ugonjwa ule unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni tu. Alimwachia kitabu. Bibi akamuuliza Mhindi na makauboi wapi na wapi. Sadru akamuuliza na Mjamaika je. Akamjibu kwamba kwao Mjamaika asiyependa makauboi hajazaliwa.

Nilicheka aliponisimulia. Nataka ujue kwamba mwanzoni nilicheka.

Baada ya hapo zikaanza Jumanne. Kila Jumanne Sadru alivuka mji saa nzima kwenda Mount Dennis, kwenye fleti ya Phyllis, na mfuko wa vitabu mkononi. Alianza kupiga pasi shati mwenyewe. Alirudi ananukia keki ya tangawizi. Jumatano na Alhamisi bibi alipiga simu, nikawa nasikia kutoka chumbani kwa Tazmin kicheko cha mume wangu, kicheko cha tumboni, ambacho mara ya mwisho nilikisikia Mwanza. Dada, ungeniuliza ninamwonea wivu wa nini bibi kizee anayetembea na fimbo, nisingekuwa na jibu la kukupa. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Wivu wa kumwonea mwanamke kijana unaweza kuusema hata jamatkhana baada ya sala, wenzako wakakupa pole. Wivu wangu ulikuwa wa aibu, nikaumeza, ukakaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Siku moja ya Septemba alisahau dawa yake ya presha. Nikaichukua kama kisingizio, nikamfuata. Nilifika kwenye korido ya fleti za Phyllis. Mlango wake ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Sikubisha hodi. Nilimsikia Sadru akisoma kwa sauti, kisha akaacha maneno na kuanza kueleza picha. Alisema: "Hapa farasi amesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameuinua kidogo, kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Nyuma yake kuna mlima, rangi ya zambarau, lakini wino umevuka mstari, kwa hiyo mlima nao kama unatetemeka." Phyllis akamuuliza yule mwanamke ameshika nini. Akamjibu: "Ameshika nyundo, ila hajaikaza. Ameichoka."

Nilisimama pale na dawa mkononi. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, na mtu huyu hajawahi kunieleza mlima. Nilirudi nyumbani bila kuonana nao. Jioni nilimpa dawa yake, nikasema mbona uliiacha.

Mwanamke mwenye nyundo ni wa kwenye mfululizo mmoja uitwao *Mhunzi wa Bonde la Chumvi*. Ulichapwa humu humu Toronto mwaka 1952, ukatoka mara tisa tu, ukafa. Ni habari ya mjane anayepiga viatu vya farasi, na anamjua kila mpita njia kwa alama za kwato kabla hajauona uso wake. Sadru alikuwa na vitabu vinane. Alikosa namba saba, na alikuwa ameitafuta miaka ishirini. Phyllis naye alikuwa ameisubiri zaidi ya sitini. Akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, baba yake, baharia, alimletea namba sita, na namba sita inakwisha mhunzi amesimama mlangoni mwa karakana, watu wa mji wamemzunguka na kamba, wanasema amemficha jambazi. Kilichofuata Phyllis hakukijua kamwe. Kitabu cha nane hakigusii hata kidogo. Mhunzi yuko mji mwingine, basi. Phyllis alimwambia Sadru kwamba ombi lake ni moja tu, ajue yule mwanamke alitokaje pale kabla macho hayajazimika kabisa.

Mwezi wa Oktoba, Ijumaa moja, Sadru yuko jamatkhana, simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuza katuni mmoja kutoka Hamilton. Akasema nimwambie Bwana Sadru kwamba amepata ile namba saba, jalada limechanika pembeni lakini kurasa zote zimo, atamwekea mpaka Jumapili. Nikasema ahsante, nitamwambia.

Sikumwambia. Kesho yake nilidai naenda kumsaidia Qurratulain, mwenzangu wa kliniki, kupika kwa ajili ya arusi, nikapanda basi hadi Hamilton nikakinunua mwenyewe. Naapa, nilipokuwa narudi nia yangu ilikuwa njema. Nilijiona namkabidhi mkononi, na kicheko kile kinanijia mimi. Nikafungua mlango wa nyumba, na nikakisikia kicheko chenyewe, yuko kwenye simu na Phyllis, anamsimulia kitu gani sijui, na hata hakugeuka. Nikapita moja kwa moja chumbani. Nikakiweka kitabu ndani ya sanduku, chini ya sari ya arusi yangu, nikafunga.

Miezi sita, Dada. Yule muuzaji alipokutana na Sadru baadaye akamwambia kilishachukuliwa na mwanamke fulani, jina hakuliuliza. Sadru alirudi akaketi mezani na koti lake, hata kofia hakuvua. Nilimtilia chai. Alisema sijui nimwambieje bibi wa watu. Nami, mkewe, nikamwambia usijali, kitatokea kingine. Wakati mwingine alipokuwa Mount Dennis nilifungua sanduku nikakitazama jalada tu, sikukifungua. Nilijiambia kwamba kuna kitu cha Sadru ambacho Phyllis hana. Nilikuwa nashiba kwa hilo, kama mtu anayeshiba kwa kunusa chungu cha jirani.

Mwezi wa Machi, Phyllis akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na kile kidogo cha macho kilichobaki kikaondoka. Sadru alikuwa akienda hospitali kila jioni. Hakusoma tena, vitabu vilikaa kwenye mifuko yake. Nikatazamia kwamba nitafurahi sasa. Nilikuwa nimempata mume wangu, yuko nyumbani mchana kutwa, anatazama maegesho ya magari.

Jumanne iliyopita Sadru alikuwa na miadi ya meno pale pale kliniki kwetu. Nikakitoa kitabu kwenye sanduku, nikaenda hospitali peke yangu. Phyllis alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kuliko nilivyomfikiria, nywele zimesukwa vizuri na nesi fulani. Nikamwambia mimi ni Farhat, mke wa Sadru, nimekuletea namba saba. Aligeuza uso upande wa sauti yangu. Kisha kwa ulimi wake mzito akasema: "Basi soma, mama. Usirukie mwisho."

Nikavuta kiti nikasoma. Mara ya kwanza niliyasoma maneno tu, akanizuia. Akauliza picha iko wapi. Sikujua kueleza picha, nikaanza kama mtoto: kuna watu, kuna taa. Akauliza taa ameishika nani. Ikabidi nitazame. Na nilipotazama, Dada, nikaona. Taa ilikuwa mkononi mwa msichana mdogo nyuma ya kundi, na mchoraji alikuwa ameipaka nuru kwenye viatu vya watu badala ya nyuso zao, ili wewe msomaji uanze kutazama chini, kama anavyotazama mhunzi. Chini kulikuwa na alama za kwato. Mhunzi anaziona, anasema kwa upole kwamba farasi wa jambazi ana kiatu alichokipiga yeye mwenyewe Jumatatu, kimepinda kulia, na farasi huyo amefungwa pale pale, ni wa mkuu wa polisi. Hakuna bastola hata moja inayolia. Watu wanaiangusha kamba mmoja mmoja. Na ukurasa wa mwisho hauna maneno kabisa: karakana tupu, mlango wazi, moto bado unawaka, yeye ameshaondoka. Amewashinda, na bado hakuweza kuishi nao tena.

Nilimweleza picha hiyo polepole. Phyllis alifumba macho. Akasema: "Sikudhani angeondoka. Miaka yote nilidhani ama watamnyonga ama watamwomba radhi abaki." Kisha akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Nilidhani yamekwisha. Akaniuliza kitabu hiki nimekuwa nacho tangu lini. Ningeweza kusema tangu jana. Nikasema tangu Oktoba.

Hakunipa pole wala hakunilaani. Alisema: "Oktoba nilikuwa naona rangi bado." Kisha akaniambia kwamba yeye na dada yake, kule Jamaika, walinuniana miaka kumi na moja kwa ajili ya jambo lililokuwa kosa lake yeye Phyllis, na kila mwaka alijiambia ataandika Krismasi, hadi Krismasi moja mpwa wake akamwandikia kwamba hakuna tena wa kuandikiwa. Akasema: "Mimi umenichelewesha miezi sita. Kama kuna mwingine uliyemchelewesha, nenda." Nikamwachia kitabu mapajani, nikatoka.

Mchana huo huo nilimketisha Sadru nikamwambia yote mawili. La kwanza ni hili la namba saba. La pili ni lako, Dada, na ndilo nililoandikia barua hii.

Unakumbuka mwaka wa vita ya Amin, sukari ya foleni, mimi nina miaka ishirini na wewe ishirini na miwili. Sadru alikuwa akikuazima katuni za makauboi, zile mjomba wake alizomletea kutoka Nairobi kabla mpaka haujafungwa, na kwa kuwa baba hakupenda vijana waje mlangoni, mimi ndiye niliyekuwa nikizichukua dukani kwao na kukuletea. Hukujua kwamba kila kimoja nilikisoma kwanza, nimesimama chini ya ngazi, ukurasa hadi ukurasa, ili nifike kabla yako mahali yalipopita macho yake. Nilimpenda kabla hujampenda wewe. Hiyo si haki, najua, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kitabu cha mwisho kilikuwa na karatasi ndani. Niliisoma, nikaitia kwenye jiko la mkaa la mama, nikakuletea kitabu. Ulikisoma, ukanipa nikirudishe, nikakirudisha. Sadru alisafiri Jumamosi kwenda Leicester kusomea miwani. Wiki ile ulifua mapazia ya nyumba nzima na hukusema kwa nini, na mimi nilikusaidia kuyaanika. Mwaka uliofuata ukaolewa na Hussain, Mungu amrehemu, mtu mwema ambaye sitaki kumpunguzia chochote. Aliporudi Sadru mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Sikuvigusa tena vitabu vya makauboi tangu siku ile hadi Jumanne iliyopita, na wewe sasa unajua sababu. Tangu Hussain alipofariki, kila unapopiga simu Sadru huuliza kwanza hali yako kabla hajauliza ya mtu mwingine, nami huhesabu dakika. Phyllis alikuwa amekalia kiti chako tu.

Sadru alinisikiliza hadi mwisho. La namba saba aliuliza tu kama Phyllis alicheka, nikamwambia alicheka. La karatasi, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza kama uliwahi kuiona. Nikasema hukuiona. Akasema: "Basi amekaa miaka yote hii akidhani niliondoka bila neno, na mimi nikidhani alinikataa." Halafu akasema nikuandikie, si kwa ajili yake, bali kwa kuwa karatasi ilikuwa yako. Kesho yake alikwenda kwa Salman kwa siku mbili. Leo ni siku ya tano. Kila asubuhi hunipigia kuuliza kama nimemeza dawa zangu, nikishajibu anakata.

Siombi unisamehe, wala sikuombi unijibu upesi. Nadaiwa nawe karatasi yako, na kwa kuwa niliichoma, nakupa nilichobaki nacho. Miaka arobaini na sita nimeyabeba maneno yake, sikupoteza hata moja, na hata sasa mkono wangu unakataa kukupa. Yalikuwa haya:

"Amreen, naondoka Jumamosi, miaka miwili. Sina ujasiri wa kukuuliza uso kwa uso. Ukiweza kunisubiri, kunja pembe ya ukurasa wa kumi na mbili, unirudishie kitabu. Ukikirudisha bila mkunjo nitajua, na sitakusumbua tena. S."

Msalimie sana Zeena na wajukuu, waambie bibi yao mdogo anawakumbuka. Jitunze goti, na usishuke sokoni peke yako wakati huu wa mvua. Mengine utakayotaka kuniambia, nitayapokea yote.

Kitabu kile cha mwaka ule nilimrudishia Sadru mwenyewe, mkononi. Alikipeleka dirishani penye mwanga akakifungua. Ulikuwa umekitunza vizuri mno, Dada; hakikuwa na mkunjo hata mmoja.

Mdogo wako,
Farhat